Mtaalamu Asiyemlazimisha Mtu

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, limeegemea ukuta kati ya kibanda changu cha kunyolea na karakana ya Randa, fundi seremala. Benchi lenyewe ni la Randa, alilitengeneza kwa mabaki ya mbao, kwa hiyo kila ubishi unaohusu mbao yeye huanza akiwa ameshashinda. Mimi nanyoa huku nasikiliza, na wateja wangu wamezoea kutoka na upande mmoja mfupi kuliko mwingine siku ambazo mazungumzo yamenoga. Mama Birika anauza kahawa hapo hapo kwenye kona. Rufaa, aliyekuwa tarishi wa mahakama mpaka akastaafu, ndiye mwanasheria wetu. Jina alilipata kwa sababu hajawahi kukubali kushindwa mara ya kwanza. Chaji anatengeneza simu, na anaamini kila tatizo duniani chanzo chake ni betri. Asubuhi hiyo Randa alikuja amenuna kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Mimi: Vipi huko kwa msuluhishi?

Randa: Tumekwama.

Rufaa: Si nilisema.

Randa: Ulisema nini?

Rufaa: Nilisema mtakwama au hamtakwama.

Kwa asiyejua, ugomvi wenyewe ni huu. Randa na Timazi wameoa dada wawili, ni wanyumba, na tangu ujana wanafanya kazi pamoja: Timazi anajenga kuta, Randa anatengeneza milango. Walijenga nyumba ya wageni kule barabara ya juu. Haikupita muda milango ikavimba. Mingine haifungi, mingine ikifunga haifunguki, na mgeni mmoja wa watu alikwama bafuni na taulo lake mpaka wakaja kumtoa kwa nyundo. Mwenye nyumba anataka milango yote itengenezwe upya. Randa anasema kuta za Timazi zilikuwa bado na maji, mbao zikayanywa. Timazi anasema mbao za Randa zilikuwa mbichi. Na wakati huo huo kuna zahanati inataka kujengwa, wenye zahanati wamesema wanawataka wote wawili, au hawamtaki hata mmoja.

Mama Birika: Kwani huyo mama msuluhishi hajui kusuluhisha?

Randa: Anajua. Anatuweka vyumba viwili, mimi huku, Timazi kule. Anatoka kwangu anaingia kwake, anatoka kwake anarudi kwangu. Yaani leo viatu vyake nimevionea huruma. Ananiuliza, "Mkienda mahakamani, unadhani nani atashinda?" Namwambia, mimi, asubuhi mapema. Anaenda kumwuliza Timazi.

Chaji: Akasema wewe?

Randa: Akasema yeye, asubuhi mapema.

Rufaa: Hapo mmekwama kisheria.

Randa: Sasa ameleta jambo jipya. Anasema atafutwe mtaalamu wa mbao na majengo, mtu baki, tumkubali wote wawili. Aje aone milango, aone kuta, atusikilize, halafu aseme yeye anaionaje kesi, nani ana kosa na kwa kiasi gani.

Rufaa: Hakimu huyo.

Randa: Si hakimu. Anachosema hakimlazimishi mtu. Tukitaka tunakifuata, hatutaki tunaacha. Na hakitoki mle chumbani, hata mahakamani huwezi kukipeleka.

Rufaa aliweka kikombe chini, jambo analolifanya pale tu anapotaka kutukanwa na wengi kwa wakati mmoja.

Rufaa: Ngoja nielewe. Mtu anasoma mpaka macho yanaharibika, anakuja, anapima, anatoa maneno, na maneno yake hayana nguvu. Bwana, hukumu isiyolazimisha mtu siyo hukumu, ni salamu.

Mama Birika: Mume wangu hunipa maoni ya namna hiyo kila siku. Sijawahi kumwita mtaalamu.

Randa: Nimeambiwa nijibu leo kabla ya adhuhuri. Ndiyo au hapana. Nikikataa, anafunga shughuli, kila mtu na wakili wake.

Chaji: Kataa. Hao huja na kimashine kidogo chenye sindano mbili. Wanachoma ubao, kinaonyesha namba, kinasema mbichi au kavu. Sasa nikuulize wewe fundi: nani aliyekiweka sawa hicho kimashine?

Randa: Sijui.

Chaji: Basi. Betri ikishuka kidogo tu, hata meza ya babu yako itasoma kama mti uliokatwa jana.

Rufaa: Betri siyo hoja. Hoja ni kwamba ukishamsikia, umeshasikia. Atakuwekea wasiwasi. Utalala unawaza. Hiyo ni mbinu, kaka. Wanakuambia hulazimishwi ili ujilazimishe mwenyewe.

Mama Birika: We Rufaa, shati lako lina doa mgongoni.

Rufaa: Wapi?

Mama Birika: Sijakulazimisha ufue. Ni maoni tu.

Rufaa alihamia pembeni mwa benchi, akaubandika mgongo wake ukutani, na asubuhi yote hakugeuka tena. Nilicheka mpaka mteja wangu akaniomba niweke wembe chini kwanza.

Ilibidi wazo hilo la Mama Birika liishie hapo, kwa sababu lilikuwa na akili, na kijiwe chetu hakivumilii akili kwa muda mrefu. Chaji akasema basi huyo mtaalamu naye atafutiwe mtaalamu wa kumpima, na huyo wa pili apimwe na wa tatu, mpaka mwisho wa msururu huo utamkuta Timazi amekaa na kimashine mkononi. Rufaa akasema siyo hivyo, jambo hili lina mizizi. Yule mgeni aliyekwama bafuni alipandikizwa.

Mimi: Alipandikizwa na nani?

Rufaa: Timazi. Fikiria vizuri. Mtu mzima anaingia bafuni, mlango unagoma, anapiga kelele, watu wanajaa. Ushahidi huo.

Randa: Alikuwa na taulo tu, bwana.

Rufaa: Sasa mtu asiye na lake jambo angekuwa na taulo tu?

Mama Birika: Bafuni ulitaka avae koti?

Chaji: Na mimi nakwambia huyo mgeni ndiye mtaalamu mwenyewe. Alikuwa anaipima milango kwa ndani.

Randa alikuwa anacheka kama wengine, lakini kicheko chake kilikuwa kinachelewa. Mimi namfahamu. Tangu ugomvi huu uanze, Timazi haji kijiweni, na Randa akisikia sauti ya pikipiki inayofanana na ya Timazi huinua kichwa. Wake zao nao wamekuwa wakienda kwa mama yao kwa zamu, mmoja akitoka ndipo mwenzake aingie, na watoto hawaelewi kwa nini binamu zao wamekuwa wageni. Nilimhurumia. Ila kumhurumia na kumwambia ukweli ni vitu viwili, na mimi siku hiyo nilichagua kile rahisi.

Mimi: Hebu tusimwache mwenzetu hewani. Kama maoni yasiyolazimisha mtu ndiyo yanayotakiwa, sisi hapa tunayo tele.

Chaji: Kweli. Mlango si uko ndani?

Ulikuwa ndani kweli, ule ule wa bafuni, uliong'olewa ukarudishwa karakana. Tuliutoa watatu, tukaulaza juu ya meza mbili za useremala palepale barabarani, na watu wakaanza kupunguza mwendo. Chaji aliweka simu yake juu ya mlango, akafungua ile sehemu ya kupimia kama kitu kimenyooka.

Chaji: Mlango umenyooka. Barabara ndiyo imeinama.

Rufaa: Mlango huu hauna kosa. Tatizo ni jengo. Jengo limesinyaa.

Mimi: Jengo la matofali linasinyaaje?

Rufaa: Kwa mawazo. Wageni wanalala mle na matatizo yao, wanaondoka, matatizo yanabaki. Ukuta unabeba.

Chaji: Hilo linawezekana. Hata simu ikibebeshwa mafaili mengi inavimba mgongo.

Mama Birika: Inavimba simu, kinasinyaa nini sasa?

Rufaa: Mama, acha wataalamu wafanye kazi.

Aligonga mlango kwa kidole, akautegea sikio kama daktari anayesikiliza kifua, akatikisa kichwa kwa huzuni. Halafu tukapiga kura. Chaji: kosa ni la Timazi. Rufaa: kosa ni la Timazi, na gharama zote juu yake, na aombe radhi hadharani. Mimi: kosa ni la Timazi. Mama Birika alisema yeye anauza kahawa, lakini alipobanwa sana akasema haya, la Timazi. Tathmini nzima ilifanywa na watu wanaokalia benchi la Randa na kunywa kahawa ambayo siku hiyo ilikuwa juu ya Randa.

Randa: Mnaona? Sasa mtaalamu wa nini tena? Nampigia huyo mama, namwambia hapana.

Alishaitoa simu. Ndipo alipofika mama mmoja ambaye hatukumjua, ana mfuko wa sokoni begani. Alisimama, akautazama ule mlango, akaupapasa pale juu kwenye nakshi. Randa anachonga vizuri, hilo hata Timazi halikatai.

Yule mama: Habari zenu. Nani fundi hapa?

Randa: Mimi, mama. Karibu.

Yule mama: Kazi nzuri. Namalizia nyumba yangu, nataka milango ya namna hii. Samahani lakini, mimi si mjuzi wa mbao. Mbao zako ukishazileta, unaziacha zikauke kiasi gani kabla hujazifanyia kazi?

Lilikuwa swali la kawaida la mteja. Hakuwa na kimashine, hakumjua Timazi, hakujua hata kwamba mlango aliokuwa anaupapasa una kesi. Aliuliza tu, akasubiri.

Rufaa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufunga bila kuutumia. Chaji alichukua simu yake juu ya mlango akaanza kuifuta kioo. Mimi nilikumbuka kwamba nina mteja kitini, nusu kichwa. Sote tulikumbuka kitu kimoja: msimu ule wa nyumba ya wageni, gari la mbao lilishusha mzigo hapa hapa mbele ya benchi, na kabla wiki haijageuka msumeno ulikuwa unalia, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na haraka, na Timazi alikuwa na haraka, na Randa alitaka kuwaonyesha kwamba hachelewi. Tuliziona mbao zile. Zilikuwa nzito, na zilikuwa zinanukia. Hakuna aliyesema kitu, wala siku ile wala leo.

Randa: Inategemea, mama.

Yule mama: Inategemea nini?

Randa aliweka kiganja juu ya mbao. Aliutazama mlango, akautazama kwa muda.

Yule mama: Basi si kitu. Nitapita tena siku nyingine, sawa?

Akaaga vizuri, akaenda zake. Na sisi wataalamu tukabaki tumeuzunguka ule mlango kama watu wa msibani.

Rufaa: Lakini kuta nazo zilikuwa na maji. Hilo lazima lisemwe.

Randa: Zilikuwa nayo. Nilimwambia Timazi asubiri, hakusubiri. Na yeye aliniambia nisubiri.

Akapiga simu. Simu ya Randa, tangu Chaji aitengeneze, huongea kwa spika tu, kwa hiyo tulisikia vizuri. Msuluhishi aliitikia kwa sauti iliyochoka.

Randa: Mama, shikamoo. Nimefikiria yale uliyosema. Huyo mtaalamu aje.

Msuluhishi: Marahaba. Vizuri sana.

Randa: Ila nina ombi. Akishamaliza kuangalia, kile atakachokiona kwangu mimi... anaweza kuniambia peke yangu kwanza? Kabla ya Timazi kusikia? Nipate kukaa nacho kidogo.

Kule upande wa pili tulisikia karatasi, kisha kiti kikisogezwa.

Msuluhishi: Inawezekana. Nimeshapanga iwe hivyo, kila mtu chumbani kwake kwanza.

Randa: Umeshapanga? Mbona mimi ndiyo naomba sasa hivi?

Msuluhishi: Fundi, ninayoambiwa chumba kile siyaleti chumba hiki. Unajua hivyo.

Randa: Ina maana na yeye ameomba hivyo hivyo.

Msuluhishi: Sijasema kitu. Tuonane.

Simu ikakatika. Randa alibaki ameishika, na uso wake ukaanza kufunguka taratibu, kwanza macho, halafu mdomo, mpaka akacheka kile kicheko chake cha zamani ambacho hakichelewi.

Randa: Mjinga yule, amenitangulia. Na alijua lipu ya kuta zake haijakauka.