Jiwe Ambalo Mama Kokoto Hakulivunja

Wasikilizaji wapendwa, mlipita pale. Msinibishie. Barabara ya machimbo ni moja tu. Mlimwona mama na nyundo yake kando ya mwamba, mkapandisha vioo vya gari, vumbi lisiwaguse.

Mama Kokoto alifariki Jumanne. Kifua. Miaka thelathini na moja alikula vumbi lile. Alivunja mawe, akasomesha watoto watatu. Jiwe moja tu alikataa kulivunja. Narudia: moja tu.

Kwenye jiwe hilo, chini ya mwamba, kuna mchoro mwekundu. Mnyama wa shingo ndefu, na pembeni kiganja cha mtu, kidole cha mwisho kimepinda. Ni wa maelfu ya miaka. Kabla ya mkoloni, kabla ya kampuni na hati zake, mtu alisaga udongo akaacha mkono wake pale. Nasi darasani tuliambiwa wazee wetu hawakubuni kitu! Sijasahau.

"Huyu naye aligonga mawe," Mama Kokoto alikuwa akisema, akionyesha kidole chake mwenyewe kilichopinda.

Lakini naye alikosea. Bintiye, fundi cherehani, amenisimulia: "Mama alikuwa akiumwagia mchoro maji, rangi iwake, wageni wapige picha. Siku moja akaupangusa. Kidole gumba kikatoka na kitambaa. Alirudi nyumbani, hakula. Akaniambia, 'Mwanangu, leo nimemkata mtu kidole.'"

Tangu siku hiyo, hakumruhusu mtu kusogea pale na chupa ya maji. Msimamizi wa machimbo akamtania: "Mama, kwani hilo jiwe ni mumeo?"

"Ndiyo, na halikoromi. Weka chupa chini."

Wiki iliyopita, yeye akiwa wodini, kampuni ililipaka jiwe alama nyeupe. Litalipuliwa. Nimeandika barua nne. Jibu ni lile lile: linashughulikiwa.

"Hakuulizia dawa," anasema bintiye. "Aliuliza, 'Wameshaligusa?' Nikamjibu, 'Bado, mama.' Alama ilishapakwa."

Poleni sana, wanawe watatu. Lakini pole ya mdomoni haizuii baruti. Wewe unayenisikiliza, tazama kiganja chako. Nani atajua ulikuwepo?

Keshokutwa Jumatatu, saa moja asubuhi, mtambo wa kutoboa unafika. Sisi tufike saa kumi na mbili. Zima redio sasa hivi, mgongee jirani. Njooni tusimame mbele ya jiwe. Msiliguse. Na chupa za maji ziacheni nyumbani.