Mfalme Hakaliwi

Tuktuk ilitoka Makadara kuelekea kanisani, na Kanze wa kwaya akakataa kuketi. Fundi alimshonea gauni la kitenge cha Kristo Mfalme, na uso wa Mfalme ukaangukia nyuma, pale pa kukalia.

"Keti mwanangu, utaanguka," akasema Fatemabai, mwuza vitambaa. "Mfalme si yuko moyoni?"

"Yuko, mama. Na akitawala moyoni, makalio nayo yatii!"

Mimi, niliyeketi kando ya Fatemabai, niliuma leso nisicheke.

"Ungejitanda kanga juu yake," Fatemabai akamwambia.

"Nimfiche leo, sikukuu yake?"

Mlangoni pa kanisa dereva akafunga breki, Kanze akatua pu! mapajani mwa Fatemabai.

"Msukume ashuke," dereva akasema.

Fatemabai alikuwa ameinua mikono yote miwili. "Nisukume wapi, na Mfalme wa watu ndiye huyu hapa?"