Kipande Kimoja cha Dawa

Treni ilikwenda polepole ndani ya ukungu, nami nilikuwa nusu usingizini. Mbele yangu mama mmoja alipakata mfuko wa majani ya dawa ya kumpelekea mdogo wake anayeugua saratani. "Kwani dripu ya hospitali haikutoka kwenye mmea huuhuu?" aliuliza. Jirani yake, mkemia, akachora umbo la molekuli ya dawa hiyo kwenye kioo cha dirisha chenye mvuke. Mimi niliyefeli kemia niliona sega la nyuki. "Ilitoka, dada. Ila tulibadilisha kipande hiki kimoja. Bila hivyo ingemuua mgonjwa kabla ya kuua uvimbe."

"Lakini hiyo yenu inamtapisha, na hataki kurudi hospitalini."

Treni ikapunguza mwendo. "Nichoree kwenye tiketi," mama alisema. "Mdogo wangu aone mwenyewe, aamue."

Treni ilisimama kalamu ya mkemia ikiwa bado inatembea kwenye tiketi.