Mwalimu Elijah Mwandoe na Ukuta wa Jiko Langu

Sylus, wewe mwenyekiti wa wazazi, nani alikutuma ulete makopo ya rangi nyeupe jikoni kwangu? Eti ukuta upakwe, wageni wa sherehe ya kumuaga mwalimu wasione michoro ya kitoto. Uji wangu uliunywa ukiegemea ukuta huohuo. Haya huna?

Sasa niseme lililonileta. Mwalimu Elijah Mwandoe anastaafu tarehe thelathini Aprili, baada ya kufundisha hapa shule ya Mraru miaka thelathini na mmoja. Alipofika tu aliuliza ukuta ule mrefu ni wa nani. Akaambiwa ni wa Peris, mpishi, ndiye mimi. Akaja kuniomba ruhusa. Wachache humwomba mpishi ruhusa.

Akachora majengo yaliyowahi kuwa marefu kuliko yote duniani, kila moja kwa zamu yake. Alianza na piramidi la Misri, ambalo halikupitwa kwa zaidi ya miaka elfu tatu, mpaka Waingereza walipojenga mnara wa kanisa. Baadaye ukaja ule wa chuma wa Paris, kisha Wamarekani wakawa wanapitana wenyewe kwa wenyewe. Chini ya piramidi akanichora mimi na mwiko wangu, watoto wapate kipimo. Mwili wote huu, nikawa kama punje ya mahindi! Nilimnunia wiki nzima na chai yake nikampa baridi.

Kosa lake ni kudhani watu wamemaliza kujenga. Jengo la Chicago alilifikisha paani. Halafu Malaysia wakasimamisha majengo yao mapacha, ikabidi afute yote na kuchora madogo. Taiwan nao wakawapita, akafuta tena. Kila wakijenga huko, mimi hapa nazidi kupungua. Dubai walipojenga lao, ningepotea kabisa. Mwalimu akasema, "Mama Peris hafutwi." Akapigilia bati juu ya ukuta, ncha ya Dubai akaichora huko. Upepo wa Voi mnaujua, bati huling'oa. Watoto walikuwa wakinijia mbio: "Nyanya, Dubai imeanguka kwa sufuria ya githeri!"

Walimu wenzake walimcheka: "Mwalimu, maghorofa ya nini, na mfereji hauna tone?" Linet, mtoto wa Sagalla aliyezoea kubeba mtungi mlimani, akauliza huko juu maji yanapandaje. Mwalimu hakujua, na hakuona aibu kusema hajui. Alikwenda kuuliza mafundi mjini, akarudi akawachorea pampu na matangi, ghorofa kwa ghorofa. Linet sasa ni fundi wa pampu, na nyumbani kwao Sagalla mtungi umestaafu kabla ya mwalimu. Ndiyo michoro ya kitoto hiyo, Sylus.

Mwalimu, asante. Nenda ukalime, ulale mchana bila kengele, na magoti yako yapumzike na kupanda ngazi. Mungu akuzidishie siku.

Nyinyi wengine, rangi hiyo ipelekeni vyooni, ndiko kunakohitaji. Jumamosi kila mzazi aje na tofali, na Sylus aje na mawili. Bati litoke, ukuta upandishwe, Dubai isimame juu ya kitu kigumu mwalimu akiwa bado yuko. Na muache nafasi juu, nasikia kule Jeddah wanajenga refu kuliko hilo. Yule mdogo wa chini mwenye mwiko, asiguswe.