Dakika ya Kumi na Tisa ya Mwalimu Anastazia Wanzagi

Baba Paroko, wazee wetu, walimu, majirani wa Bugwema, poleni na jua. Wasifu huu umeandikwa na Yunis, mtoto wa pili wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Anaomba usikilizwe mpaka mstari wa mwisho, hasa na vijana walioegesha pikipiki upande ule wa barabara na dumu lao la petroli. Yunis anajua mnakotaka kwenda tukishafukia. Mnataka kwenda Kiriba kuchoma nyumba. Basi kwanza mjue huyu mnayetaka kuchoma kwa jina lake alikuwa mtu gani.

Marehemu Mwalimu Anastazia Wanzagi alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa hapa Bugwema, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Wanzagi, aliyehamia kutoka Butiama, na Bibi Pelagia, ambaye tunaye hapa mbele. Siku hiyo wezi wa ng'ombe walivamia zizi. Bibi Pelagia akiwa kwenye uchungu, aliwasikia watu wakikatana mapanga nyuma ya nyumba. Mzee Wanzagi aliingia na mshale pajani kumwona mtoto, damu imejaa kwenye kandambili. Akauliza, "Ni nini?" Akaambiwa ni msichana. Akasema, "Basi hizo ng'ombe zitarudi," ndipo akaanguka. Alipona, na hadithi hiyo aliisimulia kila Krismasi mpaka alipofariki mwaka 2003.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1982 hadi 1988. Akiwa darasa la tatu alijibu swali kwa lugha ya nyumbani, na mwalimu akampiga kofi la sikio la kushoto. Sikio lile halikusikia tena. Nyumbani hakusema kitu, maana angeongezewa. Ndiyo sababu alikuwaga anafungulia redio mpaka majirani wanajua matangazo ya vifo bila kuwasha zao. Aliendelea na sekondari Musoma mjini, akamaliza mwaka 1992, kisha akasomea ualimu Bunda kuanzia 1994 hadi 1996. Mwaka 1997 aliajiriwa katika Shule ya Msingi Nyarukendo, akakaa hapo miaka ishirini na mitatu.

Mwaka 1999 alifunga ndoa na Stanislausi Mwandu, mvuvi wa Rukuba, mtu mpole ambaye hakuwahi kumnyanyulia mtu mkono. Uchumba wao wengi mnaujua. Stanislausi alitoka kisiwani na sangara mkubwa begani, akaingia naye darasani katikati ya kipindi cha hesabu. Mwalimu hakumsalimia. Alimwambia, "Simama nyuma mpaka kengele ilie." Akasimama na samaki wake dakika arobaini, maji yakimchuruzika mgongoni, na alipoulizwa baadaye alisema siku ile ndipo alipoelewa kugawanya. Mungu aliwajalia watoto wawili, Revocatus na Yunis.

Tarehe 6 Mei 2011 majambazi waliivamia boti ya Stanislausi ziwani wakitaka mashine. Walimpiga kasia la kichwa mara tatu, wakamtupa majini. Maiti ilipatikana siku ya nne, na mkewe ndiye aliyeitambua, kwa soksi.

Sasa tuseme ukweli, maana wasifu wa kumpaka mtu mafuta mama hakuupenda. Aliporudi darasani baada ya msiba ule, alirudi na fimbo. Kupiga alikuwa anapiga hata zamani, kama wenzake wote, lakini sasa akawa moto wa kuotea mbali. Alikata fimbo za mpera, akaziloweka kwenye maji ya chumvi, akazipanga juu ya kabati kwa urefu. Mtoto aliyechelewa, mbili. Aliyekosa jibu, mbili. Mtoto wa mwalimu, sita, ili asije mtu akasema anampendelea wake. Mtoto huyo alikuwa Yunis. Sita zile hazikuandikwa kwenye kitabu cha adhabu hata mara moja, na shule yake iliongoza kata miaka minne mfululizo. Wazazi mlileta zawadi za kuku. Mpo hapa.

Mwaka 2016 walimu wa Bunda waliitwa kwenye mafunzo ya kufundishia kwa simu. Kila mwalimu alitakiwa ajirekodi akifundisha, alete somo la mfano. Ijumaa ya tarehe 17 Juni Mwalimu Anastazia aliiweka simu juu ya kabati pembeni ya ubao, ikimwonyesha yeye na darasa lote, akafundisha hesabu za sehemu kwa kukata muhogo. Lilikuwa somo zuri na alijua ni zuri, kwa hiyo hakujisumbua kulirudia kulitazama. Jumamosi ya tarehe 25 akalipeleka kama lilivyo. Akaomba spika ya kanisa, akaifungulia mpaka mwisho kwa ajili ya sikio lake, na ukuta mzima ukajaa sura yake mbele ya walimu arobaini na watatu.

Dakika kumi na nane walimu walitikisa vichwa kwa kukubali. Dakika ya kumi na tisa Yunis aliulizwa nusu ya robo, akasema moja ya sita. Akaitwa mbele. Fimbo ya kwanza ilipotua kwenye kiganja, spika ililia kama risasi na njiwa wakaruka kwenye dari. Kulikuwa na walimu wanaandika, na mmoja aliandika "viboko sita" kwenye daftari kana kwamba ni sehemu ya somo. Mwalimu Apolinary Wegesa, ambaye amekaa pale na tai nyeusi, alicheka akasema, "Mama huyu hana masihara." Fimbo ya nne ilimkuta Yunis kwenye kidole cha kati ikakivunja. Kinasikika kikivunjika.

Lakini marehemu alisema mara nyingi kwamba si kidole kilichommaliza. Kilichommaliza kilikuja baadaye, video ikiendelea. Pale ukutani alijiona amegeukia ubao anaandika, na watoto nyuma yake wamekaa wima, wanakuna vichwa, wanachokozana. Kisha anawageukia, na watoto hamsini wanainama wote kwa pamoja. Anageuka ubaoni, wanainuka. Anawageukia tena, wanainama. Miaka kumi na tisa amesimama mbele ya madarasa na hakuwahi kuwaona watoto wakiwa wima, kwa sababu kila alipowatazama walikuwa wameshainama. Alizima spika kwa mkono wake. Apolinary aliacha kucheka.

Kutoka hapo alirudi nyumbani Nyarukendo, akaziteremsha fimbo zote akapikia ugali. Yunis alikuwa amelala na kidole kimefungwa kwenye kijiti. Mama yake alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba msamaha. Mtoto wa miaka kumi na mbili, kiganja kimevimba kama andazi, hakumjibu. Wiki mbili baadaye mama akarudi na ombi lingine, kwamba video ile aruhusiwe kuwaonyesha walimu wengine. Yunis alikaa na hilo swali mpaka shule zikafunguliwa, ndipo akasema, "Onyesha. Lakini kila ukiionyesha, na wewe uwe umekaa unaiangalia mpaka mwisho."

Mama alilishika sharti hilo. Kuanzia hapo, na zaidi baada ya mwaka 2020 alipoacha darasa na kuwa mwezeshaji, alizunguka Bunda, Butiama na Musoma Vijijini, mpaka Rukuba kwa boti, akiwafundisha walimu kutumia walichonacho. Kwanza aliweka projekta, akaonyesha dakika ya kumi na tisa, akakaa kuitazama kwenye benchi na walimu wenzake. Hakueleza kitu. Baadaye ndipo alianza kufundisha. Walimu walimwambia, "Mama, sisi huku hatuna bando." Aliwajibu, "Nani kakuomba bando? Kamera inakulaga bando?" Darasa la pili waliorekodi furu, vile visamaki vya ziwani, wakikaangwa, wenzao wakakisia sauti na kuandika sentensi, ni kazi yake. Watoto waliopiga picha kivuli cha mlingoti wa bendera kila saa wakajifunza pembe, ni kazi yake. Watoto wasiojua kusoma waliojisikia kwenye simu, wakacheka, wakaomba kurudia mpaka wakajua, hao tukianza kuwahesabu hatutazika leo. Walimu walipogawiwa vishikwambi wakavifungia kabatini visichafuke, alifika na kuwauliza kama vishikwambi hivyo vimekufa au vinaumwa. Alikuwa na mdomo, na huo Yunis amerithi.

Mafunzo yote yalikuwa sitini na mawili. Mara sitini na mbili alijitazama akimpiga mwanawe.

Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, saa kumi na moja jioni, alikuwa anatoka mafunzo Kiriba kwenye pikipiki ya Mwalimu Apolinary, begi la projekta mgongoni. Vijana wawili walikuwa wameweka tawi barabarani. Walitaka begi. Mama hakuliachia. Panga la kwanza lilikata mkanda na vidole vyake viwili, la pili likamkuta kichwani. Waliokuwa shambani walisikia, wakaja mbio, mmoja akatoroka na mwingine akakamatwa. Mnajua wenyewe kinachofuata. Mipini ya majembe, mawe, mateke ya mdomo. Meno yalikuwa barabarani. Akatokea mtu na tairi.

Mama alikuwa amelala, damu inamwingia machoni. Akamwambia Apolinary, "Toa simu. Rekodi."

Apolinary akasema, "Nimrekodi mwizi?"

"Hao wanaopiga."

Apolinary akapanda juu ya kichuguu akanyanyua simu, akatumia sauti ya darasani. "Narekodi. Kila mtu anyanyue uso nimwone vizuri." Wa kwanza kushusha mpini alikuwa yule aliyekuwa anapiga kwa nguvu kuliko wote. Akafuata wa pili. Tairi likasukumwa kwenye mtaro kana kwamba halina mwenyewe. Watu wazima thelathini waliinamisha vichwa. Mwalimu Apolinary amemruhusu Yunis aseme na hili: simu ile ilikuwa imeisha chaji tangu mchana.

Mama alilazwa Musoma, kisha akahamishiwa Mwanza, akafanyiwa upasuaji wa kichwa mara mbili. Yunis alikaa upande wa kulia wa kitanda, upande unaosikia. Jumapili, siku mbili kabla ya mwisho, mama alikishika kile kidole cha kati, ambacho mpaka leo hakinyooki na sasa hivi kinasumbua kufungua karatasi hizi. Akauliza, "Nilishakuomba msamaha?"

"Ulishaomba, mama."

"Ulinijibu nini?"

"Sijakujibu."

Akasema, "Haya. Usijibu kwa sababu tu naumwa." Akalala. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Yunis alikuwa kwenye foleni ya dawa. Hilo linamuuma, na litaendelea kumuuma.

Ameacha mama mzazi, Bibi Pelagia, kaka na dada watano, watoto wawili, wajukuu watatu, na walimu ambao wengine mmesafiri tangu jana kufika hapa. Mtoto wake wa kwanza ni Revocatus. Petroli ile ameinunua Revocatus, na Yunis analisema mbele ya jeneza kwa sababu mama hakupenda mambo ya kunong'ona. Kaka, tunalia kifo kimoja. Aliyemkata mama yuko mahabusu Musoma na hana meno ya mbele. Nyumba mnayotaka kuichoma anakaa mama wa kijana huyo, Recho, na wajukuu wake wawili, mmoja darasa la pili na mwingine la nne. Mmoja wao ndiye aliyekuwa anakisia sauti ya furu.

Utaratibu baada ya kufukia ni huu. Hakuna mtu anayekwenda Kiriba, kwa sababu Kiriba wamekuja. Walimu wa kule wameleta projekta yao na shuka jeupe limeshafungwa darasani, hapo ng'ambo ya kanisa. Umeme umekatika tangu jana. Jenereta ya parokia ipo, lakini haina mafuta. Revocatus, tunaomba hilo dumu ulilete hapa mbele.

Yunis hajawahi kuitazama video ile. Miaka tisa alipewa nafasi ya kuitazama na hakuweza. Mama aliitazama mara sitini na mbili bila mtoto wake pembeni, na ya sitini na tatu hayupo wa kukaa kuitazama. Leo Yunis atakaa kwenye benchi la mama, ataitazama mpaka mwisho, na hilo ndilo jibu alilokuwa anadaiwa. Anaogopa, na anaomba kaka yake akae naye.

Mwenyezi Mungu amlaze Mwalimu Anastazia mahali ambapo akiwageukia watoto, hakuna anayeinama.