Krismasi Niliyomwambia Binti Yangu Asije

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Namsifu hata kama wengine mmeitikia nusu mdomo. Siwalaumu. Mwaka mzima hamjaniona kwenye benchi langu, na maneno yaliyosemwa juu yangu hapa Itiryo nimeyasikia hadi Morotonga nilikohamia. Kuna waliosema nimekimbia ndoa. Kuna waliosema akili imeruka. Leo nimepanda gari alfajiri nije niseme mwenyewe. Mzee wa kanisa amenipa dakika kumi. Baba, nisamehe mapema, zitapita.

Kwa wageni, mimi naitwa Mama Ghati. Mungu alinipa mabinti wawili, Ghati na mdogo wake Robi. Katika kanisa hili nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kwa miaka mingi, kitambaa changu kimepigwa pasi, wimbo naanzisha mimi, na mgonjwa akilazwa naongoza msafara wa kwenda kumwona. Mlinipenda, nami nilijipenda zaidi. Ndani yangu kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna mtu hapa aliyelijua, isipokuwa wawili watatu walioshiriki.

Ndugu zangu, Krismasi ya nyumba yetu mnaijua, maana mmekula pale. Mume wangu alichinja mbuzi. Ndugu zake wa upande wa Kenya walivuka na soda na mikate, na Kiswahili chao cha kule, wakicheka kwa sauti mpaka majirani wanakuja. Lakini kwangu Krismasi ilikuwa tarehe ishirini na nne, siku ya chapati. Siku hiyo jikoni tulikuwa mimi na Ghati tu. Alianza akiwa na miaka saba, anapanda juu ya kigoda ili aifikie meza. Chapati zake hazikuwahi kuwa duara. Baba yake alikuwa anaichagua ile yenye pembe nyingi kuliko zote, anasema hiyo ni yake na asiiguse mtu. Tulikuwa na furaha. Nalisema hili ili mjue nilichokivunja kilikuwa kitu kizuri.

Ghati alipofika kidato cha pili, mwaka ule ulikuwa wa tohara. Sina haja ya kuwaeleza watu wa Tarime Desemba ya namna hiyo. Shule zinafungwa, filimbi zinaanza barabarani, mabinti wanatembezwa wamefunikwa khanga na kushikiwa miamvuli. Serikali imekataza, tunajua wote. Na wote tunajua yanayofanyika.

Ghati hakutaka. Shule ilipofungwa hakuja nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa dada yangu mdogo kule Morotonga. Dada yangu alimpokea, akanitumia ujumbe kwamba mtoto yuko salama na atakaa hapo hadi shule ifunguliwe. Ukweli ni kwamba nilipousoma ule ujumbe nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kama kupika chai.

Kisha wifi yangu akaja. Yupo pale, benchi la tatu, namwona. Wifi, shikamoo. Sijaja kukuumbua, tulia. Alikuja akasema mtoto wa nyumba yao hawezi kubaki msagane, yaani binti ambaye hajatahiriwa, na kwamba ataitwa hivyo mpaka azeeke. Mume wangu hakumpinga dada yake, nikajua amekubali. Nikawaza nitakavyoitwa mama wa msagane kisimani na sokoni. Ndugu zangu, niliiogopa aibu kuliko nilivyompenda mtoto wangu. Hiyo ndiyo dhambi yenyewe. Mila ni neno tulilolitanguliza tu.

Hakuna aliyeweza kumtoa Ghati Morotonga. Wito wa baba yake asingeusikiliza, wa shangazi yake ndiyo kabisa. Mimi angenisikiliza. Nikachukua simu. Nikamwambia arudi tupike chapati, nani atanisaidia kusukuma, nimemnunulia na gauni la bluu. Akaniuliza kama kuna jambo lolote nyumbani. Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, polepole, kama nina uhakika aje. Nikamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Njoo mwanangu, ni Krismasi."

Alifika tarehe ishirini na nne saa tisa mchana. Tulipika. Shemeji mmoja kutoka Kenya akatupiga picha mlangoni, mikono yetu imejaa unga, tunacheka wote wawili. Yeye alikuwa anacheka kweli. Krismasi yenyewe tulikuja hapa, akaketi pembeni yangu amevaa gauni lile, na mimi nikaanzisha nyimbo. Nilimwimbia Mtoto aliyezaliwa huku wangu nimemuuza!

Asubuhi iliyofuata wanawake wakaja. Sitasimulia. Nitasema tu kwamba wakati wanamshika hakupiga kelele na hakumwangalia shangazi yake. Aliniangalia mimi.

Alitoka damu siku mbili. Tulimficha ndani na kumwekea dawa za majani, kwa sababu tukimpeleka hospitali tungekamatwa. Siku ya tatu alipoacha kunijibu ndipo nikambeba mgongoni hadi barabarani. Madaktari wakamwokoa. Mungu azidi kuwabariki wale watu, maana hawakunipiga makofi, na nilistahili. Januari Ghati alirudi shule. Hakuja likizo ya Juni, wala Desemba. Akamaliza shule, akasomea uuguzi, akapangiwa kazi mkoa wa mbali. Nikimwandikia kumsalimia ananijibu, "Nimepokea mama, asante." Miaka tisa, ndugu zangu. Maneno matatu!

Na Krismasi ziliendelea. Mbuzi alichinjwa, soda zilivuka mpaka. Ile picha shemeji aliisafisha, akailetea na fremu, ikatundikwa sebuleni, na kila mgeni aliyeingia aliisifu. Wakasema tazama mama na binti wanavyopendana. Nami nilijibu asante. Siku za chapati nilipika peke yangu, zikatoka duara zote, na mume wangu alikula bila kuchagua. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya ile picha. Aliponiona akatoka nje. Hatukuzungumza habari ile hata mara moja.

Sasa sikilizeni nilichofanya hapa kanisani, maana hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilisimama mahali hapa hapa, nikalia, nikawaambia mniombee binti yangu. Nikasema amepata kazi na amewasahau wazazi. Nikaomba muifunge roho ya kiburi iliyomwingia. Nanyi mkanyoosha mikono mkaomba, wengine mkafunga siku tatu. Mlimwombea mtoto wa watu atolewe kiburi ambacho hakuwa nacho, na mimi mwenye kosa nikasema amina.

Robi alikua. Mwaka jana alimaliza darasa la saba, na mwaka ukawa tena wa tohara. Robi hakwenda kwa mama yake mdogo. Alikwenda na mwalimu wake mpaka kwenye nyumba salama, ile wanayowahifadhi mabinti wakati wa msimu. Baadaye nilijua ni Ghati aliyempigia na kumweleza kila kitu, ikiwemo habari ya chapati.

Jumapili moja kabla ya Krismasi mwinjilisti wetu alifundisha habari za wale wageni wa mashariki. Somo hilo nimelisikia tangu utoto, ningeweza kulifundisha mwenyewe. Lakini siku hiyo alisimama kwa mfalme Herode. Akasema Herode hakuwaambia anataka kuua, alisema anataka kuja kumsujudia mtoto. Alitumia ibada. Na wale wageni wakaonywa wasirudi kwake, wakapita njia nyingine. Ndugu zangu, nilikifunga kitabu changu cha nyimbo. Miaka yote nilijiona katika hadithi ile kama wale wachungaji, au hata Mariamu nikiwa nimevaa vizuri. Kumbe mimi nilikuwa mle ndani siku zote, nikitumia Krismasi kumwita mtoto. Sikumwambia mtu. Nilirudi nyumbani nikaomba nikiwa nachambua mchele, sikuweza hata kupiga magoti. Nikasema, Bwana, nikifika tena pale, unishike mdomo.

Tarehe ishirini na tatu, saa kumi jioni, wakaja. Mume wangu alikuwepo, wifi yangu, na wazee wawili wa ukoo. Mfuko wa unga wa ngano ulikuwa tayari mezani. Wifi akapata namba ya mlezi wa ile nyumba, sijui kwa nani, akaniwekea simu kwenye spika ili wote wasikie. Akaniambia: "Mwite kama ulivyomwita mwenzake."

Mlezi akapokea, akaniuliza mimi ni nani, akaenda kumwita Robi. Tukangoja. Nilisikia watoto wengi wakiimba huko nyuma, wakifanya mazoezi ya nyimbo za sikukuu. Kisha akaja, akanisalimia shikamoo, nikaitikia.  Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, nije?"

Wote walikuwa wananiangalia. Niliiona ile picha ukutani juu ya kichwa cha mume wangu. Nikafungua mdomo, na sijui niwaambieje, lakini nilishikwa. Yesu alinishika! Maneno yale ya uongo nilikuwa nayo tayari, yako kwenye ulimi, hayakutoka.

Nikasema: "Usije. Robi, usije nyumbani Krismasi hii. Hata nikikupigia kesho nikikubembeleza, usije."

Wifi akainyakua simu, lakini ilikuwa imeshasemwa. Mume wangu hakunipiga, nisimsingizie. Aliniambia niondoke na mdomo wangu. Nikaweka nguo mbili kwenye mfuko. Nikiwa mlangoni nilirudi nikaitoa ile picha ukutani, nikaondoka nayo.

Msifikiri nilipokelewa na malaika. Dada yangu wa Morotonga alinifungulia mlango, akanipa mkeka, na hakunisemesha siku nzima. Krismasi ile tulikula ugali na kabichi, yeye upande huu mimi upande ule. Tulipomaliza ndipo akasema: "Mtoto nilimpandisha gari kwa mkono wangu huu. Ulisema ni Krismasi." Miaka tisa naye alikuwa amelibeba.  Niliosha vyombo.

Siku ya pili yake Ghati akapiga. Yeye mwenyewe, ndugu zangu! Nilidhani nimesoma jina vibaya. Akasema Robi amemwambia. Akaniuliza kama ni kweli nilimwambia asije, mbele ya baba na shangazi. Nikasema ni kweli. 

Kisha akasema, "Mama, siku ile nilikuuliza mara mbili. Nilikuwa nasubiri uniambie hivyo."

Nililia pale pale uani kwa dada yangu. Yeye hakulia. Alisubiri nimalize, akaniambia ana zamu, akakata. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yangu ya Krismasi, na ninamshukuru Mungu kwa hiyo, maana tangu mwaka ule ndiyo mara ya kwanza kuongea na mimi sentensi nzima.

Leo Robi anasoma, anakaa na mimi chumba kimoja cha kupanga. Mume wangu bado hajaniita, na wala sijui kama ataniita. Ushuhuda wangu hauna mbuzi wala vigelegele. Hata hivyo nimefunguliwa. Kufunguliwa kwangu ni kwamba nikishika simu ninasema kweli. Kwa mtu aliyedanganya kama mimi, huo ni muujiza mkubwa kuliko kutembea juu ya maji.

Ndugu zangu, Krismasi imekaribia, na humu ndani kuna mzazi ambaye binti yake amekimbia, naye ana simu mfukoni. Simjui, Mungu anamjua. Ukitumwa kumwita, usimwite. Utaogopa aibu, nami nakuambia utaiona, mimi nimeiona, sijafa. Mwamini Bwana aliyemwonya Yusufu amchukue mtoto na kukimbia. Atakushika mdomo kama alivyonishika mimi. Na wewe wifi yangu, mlango wa Morotonga unaujua. Uje, tuombe pamoja.

Mwaka huu unga nimenunua. Ghati sijamwita, sina haki hiyo. Nimemwandikia tu kwamba tupo Morotonga, na kwamba huku hakuna mtu wa kumgusa. Amejibu amepokea.

Namalizia, mzee wangu naona unaangalia saa. Asanteni kwa kunisikiliza, na Mungu asifiwe kwa kuniacha nisimame hapa tena. Nina ombi moja. Yale maombi mliyomwombea Ghati miaka yote, ya kufungwa roho ya kiburi, hayakuwa yake. Nawaomba mnyooshe mikono mwombe tena vile vile, bila kubadilisha neno. Safari hii mtaje jina langu.