Bi Koultoumi na Kadi za Wakiowa

Tarehe 31 Machi 1990 Bi Koultoumi Soidri anaiaga posta yetu ya Mutsamudu baada ya miaka ishirini na tisa. Kumi na miwili ya mwisho tumekaa naye meza moja. Mimi ni mtu wa Majunga, bandari nimeziona, mabingwa nimewaona, lakini mchambuzi wa barua kama huyu sijampata popote.

Mwandiko wa daktari aliusoma kama gazeti. Alisoma pia, tuseme kweli maana sasa hafukuzwi, kila kadi iliyopita wazi mkononi mwake. Nilimkemea. "Kadi haina bahasha, mwanangu," alinijibu. "Ikinisemesha, nisiitike?"

Mwalimu Fakih wa hapa mjini alikuwa akiandikiana na mwalimu mwenzake wa Kiowa, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kule Oklahoma. Wanaosema Kikiowa walikuwa wamebaki wazee tu, nao wanapungua, kwa hiyo yule bwana aliyatawanya maneno yao, kumi kila kadi. Fakih akimrudishia kumi ya kwetu.

Mwaka 1984 wale askari wa kukodiwa, wazungu wa nguo nyeusi walioishika serikali yetu mkononi, walinasa kadi moja. Ilieleza mkia wa neno: ukiutia neno hili, kimoja kinakuwa vingi, ukiutia lile, vingi vinakuwa kimoja. Ofisa wao akasema ni hesabu ya bunduki. Juu palikuwa na namba ya sanduku la posta tu, bila jina. Wakaja kumtafuta mwenyewe, na siku hizo ukipelekwa kwao Moroni, mji mkuu, watu wako walianza kukusomea dua.

Mimi jasiri wa bandari zote nilikuwa nyuma ya magunia. Bi Koultoumi akasema, "Sanduku langu." Daftari lenye jina la Fakih alikuwa amelikalia.

Wakampeleka, siku tatu Moroni. "Basi nieleze maneno haya, mama," ofisa akamwambia. Bi Koultoumi akamweleza ya kadi ile, na ya kadi za miaka miwili nyuma, kwa kichwa: maji, mti, dubu. Kisha akamuuliza, "Mkuu, mwenye kuhesabu bunduki kwa mkia huu atapata ngapi?"

Ofisa hakucheka. Alimwachia huru, kadi akabaki nayo.

Aliporudi, watu walibadili vichochoro wasikutane naye. Nami pia, naomba radhi. Fakih hakubadili. Alipishana naye bega kwa bega, na kwa kuwa masikio yalikuwa kila ukuta, alinong'ona neno moja tu: "Aho." Ndiyo asante ya Wakiowa. Miaka mitano alimpa hiyo, kila walipopishana.

Desemba iliyopita wale askari waliondoka. Leo tunaisema kwa sauti, madirisha wazi: aho, Bi Koultoumi! Mungu akupe umri mrefu wenye raha.